Mkuu, usiache tenofovir eti kwa sababu majibu yameandika "havionekani"

Hapana. Usiache. Kama leo hujameza, meza sasa hivi halafu urudi kusoma.

Kwa wakuu mliochelewa kufika: mleta mada ana homa ya ini B, yuko mwaka wa pili kwenye tenofovir ya miligramu 300, kidonge cha kila siku cha kuzima virusi, kipimo cha wingi wa virusi kimerudi kikisema havionekani, ALT yake (kimeng'enya kinachovuja ini likiumia) ni 24. Ameona video ya "mtaalamu wa tiba lishe" akidai Wajerumani wamegundua kwamba ukiacha dawa mwili unajiponya wenyewe, na bahati nzuri mtaalamu huyo ana pakiti za kusafisha ini za kumsindikiza. Sasa anauliza aache lini, ale nini, mkewe mjamzito afanyeje, na kama atapita vipimo vya afya vya kazi ya Ghuba.

Kosa hili nalijua kwa gharama yake. Aliyenipoteza mimi alikuwa na koti jeupe na stetoskopu ya mapambo, na utani wote kuhusu macho yangu ya njano nimeshausikia, msijisumbue. Tuongee ini.

Kirusi hiki kikishaingia kwenye seli ya ini hakikai juu juu. Kinapeleka vinasaba vyake hadi kwenye kiini cha seli na kuvifunga viwe duara, ndilo linaloitwa cccDNA. Duara hilo ndilo kiwanda cha nakala. Tenofovir hailigusi, dawa mwenzake entekavir hailigusi. Kazi yao ni kuziba kimeng'enya ambacho kirusi hukitumia kugeuza RNA yake kuwa DNA, hivyo virusi vipya havikamiliki na damu inasafika. Ni ndago hiyo, mkuu: umefyeka majani, viazi viko chini ya udongo vinasubiri mvua.

Kwa hiyo majibu yako yanasema dawa inafanya kazi. Hayasemi kazi imekwisha. Kipimo cha kukuambia hilo ni HBsAg, protini ya ganda la kirusi, na kati ya watu wanaotumia vidonge hivi inapotea kwa takriban mtu 1 katika kila 100 kwa mwaka. Yako umeirudia lini? Naweka dau hujaipima tena tangu siku ya kwanza. Watu hupima wingi wa virusi, wakaona sifuri, wakachinja mbuzi.

Na usiridhike na kile kistripu cha mistari miwili. Omba HBsAg ya kiasi, inayotoka na namba kwa vipimo vya IU kwa mililita. Mwenye 15,000 na mwenye 60 wote wataonekana "chanya" kwenye kistripu, lakini ni watu wawili tofauti kabisa linapokuja suala la kuacha dawa.

Sasa hao Wajerumani. Utafiti upo, sibishi. Kanjanja wako amekata mkia na kichwa, akabakiza kiuno. Mmoja unaitwa FINITE, ulitoka 2017. Walioacha tenofovir walikuwa watu 21. Hawakuokotwa barabarani: wote HBeAg hasi (protini nyingine ya kirusi, ishara ya kuzaliana kwa kasi), hakuna mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, wote wamemeza dawa miaka 4 au zaidi, na virusi vimezimwa miaka 3 na nusu mfululizo. Wakaitwa kupimwa damu mara kwa mara, daktari amekaa mkao wa kurudisha dawa wakati wowote. Baada ya wiki 144, waliopoteza HBsAg walikuwa 4. Wanne kati ya 21, baada ya karibu miaka 3, chini ya ulinzi ambao wewe hutaupata kwenye zahanati ya mtaani. Nane walirudishwa kwenye dawa. Ukaja mkubwa zaidi, Stop-NUC, hao hao Wajerumani, 79 waliacha. Kufikia wiki ya 96 waliopoteza HBsAg ni 8.

Halafu watafiti wa nchi mbalimbali wakakusanya wagonjwa 1,552 walioacha dawa kutoka hospitali za Asia, Ulaya na Amerika Kaskazini, wengi mno wakiwa Waasia. Wazungu walipoteza HBsAg mara nyingi zaidi kuliko Waasia, na kwa wote aliyeanza na namba ndogo ya HBsAg ndiye mwenye nafasi. Chini ya 100, kuna la kuzungumza na daktari bingwa. Juu ya 1,000, unacheza kamari na kiungo ambacho huna cha akiba. Wewe una miaka miwili kwenye dawa, HBsAg hujui ni ngapi, HBeAg hujaitaja, kovu la ini hujaitaja. Hata mlango wa utafiti ule usingepita.

Hapa kwenye kalenda ya kinachotokea ukiacha, soma taratibu, maana ndipo watu wanapomalizikia.

Kwa tenofovir, virusi kwa kawaida hurudi kwenye damu ndani ya miezi 3 ya kwanza. Kwa entekavir huchelewa, mara nyingi hupita miezi 6. Kirusi chenyewe hakiui seli ya ini. Anayeua ni kinga yako, ikishtuka kukiona tena. Ndiyo maana mambo huja kwa foleni: DNA ya kirusi hupanda kwanza, ALT hufuata wiki kadhaa baadaye, bilirubini (rangi ya njano kwenye damu) na INR (kipimo cha damu kuchelewa kuganda) nyuma yake, macho ya njano yanafunga msafara. Wiki ya nne unajisikia bingwa. Umepima ALT peke yake, imetoka 26, unaipiga picha na kumtumia kanjanja, naye anaibandika kwenye ukurasa wake: "Ushuhuda, mgonjwa amepona." Shuhuda zile nyingi ni za wiki ya nne. Waulize wale watu wako wapi mwezi wa sita.

Mtego wa pili ni mbaya kuliko huo. ALT inapima seli zinazokufa, haipimi kazi ya ini. Mtu amelipuka, ALT ilikuwa 1,800, wiki mbili baadaye ni 400, ndugu wanashangilia kwamba mitishamba imefanya kazi. Angalia bilirubini na INR. Kama bilirubini inapanda na INR imepita 1.5, ALT imeshuka kwa sababu seli za kufa zinakwisha. Hapo mgonjwa anaanza kulala mchana na kukesha usiku, anachanganya majina ya watoto, mkono unatetemeka. Hiyo ni siku ile ile hospitali ya rufaa. Si kesho asubuhi, si baada ya kumaliza pakiti.

"Si nitarudia dawa tu?" Ndiyo, na itafanya kazi, kirusi hakizoei tenofovir kirahisi. Lakini dawa inashusha virusi kwa wiki kadhaa, na kinga iliyokwisha kuanza kushambulia haisubiri ratiba yako. Ini likishindwa katikati ya hapo, kinachobaki ni kupandikizwa, na kwa wengi wetu hilo lina maana ya tiketi ya India, ndugu wa kutoa kipande cha ini, na harambee ya ukoo mzima.

Na jambo hili si siri ya madaktari. Marekani, mamlaka ya dawa imelazimisha onyo la ini kulipuka baada ya kuacha tenofovir liandikwe ndani ya fremu, juu kabisa ya karatasi ya maelezo. Hao matapeli wanaijua karatasi hiyo. Anayekuuzia majani anaweza kuwa mjinga tu, namsamehe. Asiyesameheka ni huyu anayesoma utafiti, anaufahamu, anakata sehemu ya "chini ya uangalizi", halafu anabandika namba ya kulipia. Na hizo pakiti zenyewe: dondoo kali la majani ya chai ya kijani, linalojaa kwenye vidonge vya "kusafisha", lina rekodi ndefu ya kuumiza ini. Ukilipuka utashindwa hata kujua umelipuliwa na kipi.

Sababu za maana za kutaka kuacha zipo, ila jibu lake si kuacha, ni kubadilisha.

Figo: tenofovir ya disoproksili, hiyo ya 300 unayomeza, inaweza kuzisumbua. Pima kreatinini, kipimo cha damu cha figo, kabla ya kuanza, kisha kila miezi 6 hadi 12, na acha kunywa diklofenaki kila mgongo ukiuma, maana hizo mbili pamoja ndizo zinazopeleka watu pabaya. Uchujaji wa figo ukishuka chini ya 50, daktari ataweka kidonge kila baada ya saa 48, au atakuhamishia tenofovir ya alafenamidi ya miligramu 25, au entekavir kwa dozi iliyopunguzwa kulingana na figo. Entekavir inamezwa tumbo tupu, saa 2 baada ya chakula na saa 2 kabla ya kingine, na haimfai aliyewahi kutumia lamivudini peke yake kwa miaka, kwa sababu kirusi chake huenda kimeshajifunza nusu ya njia ya kuikwepa.

Dawa kukatika dukani: hili linaua kimya kimya. Kidonge chenye tenofovir na lamivudini pamoja, 300 kwa 300, kinakubalika kwenye mwongozo wa WHO wa 2024 pale tenofovir ya peke yake isipopatikana. Uliza hicho kabla hujarudi nyumbani mikono mitupu. Anza kutafuta vikiwa vimebaki vidonge 10, usisubiri kichupa kilie. Ukisahau dozi, meza ukikumbuka siku hiyo hiyo, usimeze viwili.

Na VVU je, ulipima kabla ya kuanza? Swali halina matusi. Tenofovir peke yake kwa mwenye VVU ni kukifundisha kirusi cha pili usugu. Waliopo CTC, kliniki za VVU, wanaotumia kidonge cha TLD, tenofovir iliyomo ndani yake ndiyo inayowashikia homa ya ini. Siku mtu akikubadilishia dawa za VVU kwenda mchanganyiko usio na tenofovir, sindano za miezi miwili zikiwemo, mkumbushe una ini la kulinda.

Mkeo: apime HBsAg wiki hii. Akiwa hana na hana kinga, chanjo ni dozi 3, ya leo, ya baada ya mwezi 1 na ya mwezi wa 6, na ujauzito haumzuii. Akiwa nayo, apime HBeAg au wingi wa virusi. Virusi vikifika IU 200,000 kwa mililita au HBeAg ikiwa chanya, anaanzishiwa tenofovir kuanzia miezi mitatu ya pili ya ujauzito, na mtoto anatakiwa chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa, si kusubiri ile ya wiki 6. Ulizieni hiyo dozi ya kuzaliwa mapema kule atakakojifungulia.

Ghuba wanapima HBsAg. Hawana habari na wingi wa virusi vyako. Kwa hiyo hata ungeacha leo na kunywa pakiti zote, kwenye kipimo chao uko pale pale, tofauti ni kwamba utakwenda na ini linalowaka.

Na msije na "kuna dawa mpya ya kuponya, basi nisubiri hiyo". Bepirovirseni, hiyo dawa mpya ya sindano, ninaifuatilia kama mpira. Matokeo ya 2022, watu 457: kwenye dozi iliyofanya vizuri, sindano ya miligramu 300 kila wiki kwa wiki 24, kama 9 au 10 katika kila 100 walibaki bila HBsAg na bila virusi miezi 6 baada ya sindano ya mwisho. Hatua kubwa. Lakini waliokuwa kwenye vidonge waliendelea kumeza vidonge muda wote huo, na kwenye majaribio yaliyofuata walichukua wenye HBsAg isiyozidi 3,000. HBsAg ya kiasi tena, unaona?

Basi fanya hivi. Pima HBsAg ya kiasi na HBeAg. Tafuta majibu yako ya kabla ya kuanza dawa, chukua AST (kimeng'enya ndugu wa ALT), igawe kwa kikomo cha juu cha maabara hiyo, zidisha kwa 100, gawa kwa pletileti, chembe za kugandisha damu. AST 60, kikomo 40, pletileti 150: unapata 1. Ikizidi 0.5 kuna kovu la kuhofia, ikizidi 1 sirosisi inashukiwa, na mwenye sirosisi mjadala wa kuacha dawa haupo kabisa. Usitumie majibu ya sasa kwa hesabu hii, dawa imeshashusha AST na itakudanganya. Kama kuna Fibroscan, mashine ya kupima ugumu wa ini, karibu, hiyo ni bora zaidi: juu ya 12.5 kPa ni sirosisi. Ultrasaundi na AFP (kipimo cha damu cha kusaka saratani ya ini) kila miezi 6, hata virusi visipoonekana, maana saratani ya ini haisomi majibu yako.

Zilete hizo namba hapa, ufute jina kwenye karatasi kwanza. Na kile kiungo cha video kitoe kwenye bandiko lako, kuna watu wawili chini huko wameshauliza bei.