Kwa rubani na mwongoza ndege mpya Malindi: kusikilizana redioni

Ukianza kazi Malindi, iwe umekaa mnarani au kwenye kiti cha rubani, elewa mapema kwamba sikio husikia lilichokwisha kukitarajia. Redio mbovu zipo, lakini si hizo zinazoleta hatari kubwa. Hatari ni mtu kupewa agizo moja, akajibu jingine alilolizoea, na aliyelitoa akapitisha jibu hilo kwa kuwa naye alitegemea kusikia alichosema mwenyewe.

Tazama upepo. Malindi ina njia mbili za kurukia ndege: moja ni 17 ukiingilia huku na 35 ukiingilia kule, nyingine ni 08 na 26. Namba hizo ni za dira. Ukitua 17, pua ya ndege imeelekea nyuzi 170 hivi. Kusi likikolea, upepo unatoka kusini na 17 inatumika wiki baada ya wiki, hadi ulimi unaizoea. Kisha yanakuja maleleji, upepo unalegea na kugeuka, na siku moja mnara unasema 35. Rubani anajibu "one seven" bila kujua kama amekosea. Mwongoza ndege akiwa tayari ameinua simu, wote wawili wanaendelea na kazi, kila mmoja na njia yake kichwani. Kwa hiyo miezi ya kugeuka kwa upepo, Aprili na Novemba, ndiyo ya kuchunga zaidi majibu ya redioni.

Agizo halijakamilika mpaka limetolewa, likarudiwa, na aliyelitoa akahakiki alichorudishiwa. Hatua hii ya tatu ndiyo inayorukwa. Wewe wa mnarani, rubani anaporudia agizo usiandike kitu kingine, usijibu simu, usigeuke kuzungumza na mwenzako. Weka macho kwenye karatasi uliyoandika agizo lako na ulinganishe neno kwa neno. Kikitofautiana hata kidogo, sema "negative" papo hapo, kisha toa agizo sahihi na usubiri lirudiwe tena. Ukinyamaza, rubani atachukua kuwa amepatia.

Rubani naye ana mambo ambayo lazima ayarudie kwa ukamilifu: njia inayotumika, ruhusa yoyote ya kuingia, kuvuka, kutua, kuruka au kurudi nyuma juu ya njia hiyo, pamoja na amri ya kusimama kabla yake, kimo, uelekeo, kasi, namba ya transponda (chombo kinachoitambulisha ndege kwenye rada), na kipimo cha mgandamizo wa hewa cha kuweka kwenye altimita, chombo kinachoonyesha kimo. Upepo na hali ya hewa si lazima kuvirudia. Kujibu "roja" peke yake kwa agizo kama hilo hakutoshi, maana roja inasema tu kwamba umesikia. Haisemi umesikia nini.

Kipimo cha mgandamizo wengi hukipuuza kwa sababu kinasomwa haraka mwishoni. Hektopaskali moja, kizio cha mgandamizo huo, ni karibu futi 30 za kimo. Ukiambiwa 1008 ukaweka 1018, altimita itakuonyesha uko juu zaidi kwa futi kama 300 kuliko ulivyo kweli. Ukija kutoka Lamu chini ya mawingu ya mvua, futi 1,000 juu ya bahari, hizo 300 si kidogo.

Namba zitamkwe moja moja. Tarehe 19 Februari 1989, ndege ya mizigo ya kampuni ya Flying Tiger ilikuwa ikishuka kuelekea Kuala Lumpur. Ikaambiwa "descend two four zero zero", yaani futi 2,400. Marubani wakasikia "to four zero zero", wakashuka kwenda 400, wakagonga kilima, na wote 4 waliokuwamo wakafa. Ndiyo maana kwenye kimo tunasema neno "altitude" kabla ya namba: linazuia "two" isichanganywe na "to".

Kosa jingine ni watu wawili kubonyeza kitufe kwa pamoja. Redio za ndege hutumia mfumo wa AM, hivyo mawimbi mawili yakikutana wasikilizaji hupata mlio mkali tu, nao waliokuwa wakizungumza hawajui kwamba wamezibana. Tenerife, kisiwa cha Uhispania, tarehe 27 Machi 1977, mlio wa aina hiyo ulifunika maneno ambayo yangeweza kuisimamisha ndege iliyokwisha kuanza kukimbia. Ikagonga nyingine iliyokuwa njiani, wakafa watu 583. Tangu hapo neno "take-off" halisemwi redioni ila pale ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Wakati mwingine wote tunatumia "departure". Sikiliza kwanza, bonyeza, ngoja kidogo, ndipo useme, la sivyo neno lako la kwanza litakatika, na mara nyingi hilo ndilo jina la ndege unayoiita. Ukisikia mlio, sema "blocked" ili warudie.

Kutaja mahali ulipo kunahitaji umbali na kimo, si jina peke yake. Watamu iko kama maili 9 za baharini kutoka uwanjani, mdomo wa Mto Sabaki kama maili 5, Ngomeni kama 14. Kwa mwendo wa noti 150, yaani maili 150 za baharini kwa saa, kutoka Sabaki una dakika 2 tu. Mwenyeji anajua hayo. Rubani mgeni hajui Mambrui iko wapi, kwa hiyo jina la mji halimsaidii kukuepuka. Mpe maili, upande, kimo na dakika utakayofika.

Tena kuna saa. Mpango wa safari huandikwa kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa 3. Mtu wa Manda, kwenye uwanja wa ndege wa Lamu, akikupigia simu kuwa abiria watavuka kwa boti wawe uwanjani saa tisa alasiri, kwako hiyo ni 1500 ya hapa na 1200 ya kimataifa. Mwulize, andika tarakimu nne, kisha msomee akuthibitishie.

Heshima ya kwetu nayo ina mahali pake, na redioni wakati wa shida si mahali pake. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya kampuni ya Avianca iliishiwa mafuta karibu na New York na watu 73 wakafa. Marubani walisema mafuta yanakwisha, lakini hawakutangaza dharura, na waongozaji hawakuelewa uzito wa jambo. Ukiona ucheleweshaji wowote utakula akiba, sema "minimum fuel". Ukiona utatua na chini ya akiba ya mwisho, sema "Mayday" mara 3, halafu "fuel". Usianze na samahani. Rubani msaidizi naye, akisikia tofauti na alichosikia mkubwa wake, aseme: "Kapteni, mnara umesema 35," na waulize tena kabla ya kugeuza.

Redio ikikatika kabisa, weka transponda 7600, namba ya kuonyesha kwamba redio imekatika, na utazame taa ya mnarani. Kijani isiyomemeteka ni ruhusa ya kutua, nyekundu isiyomemeteka ni kupisha na kuendelea kuzunguka, nyekundu inayomemeteka ni kwamba uwanja si salama, usitue. Mchana, jibu kwa kuyumbisha mabawa.