Jibu: Milima inaonekana iko karibu mno
Ndugu, umeuliza kwa nini Milima ya Pare kwenye picha yako ya Ziwa Jipe uliyochora kwa rangi za mafuta inaonekana kama imesogea hadi majini. Tatizo ni kijani: milima umeipaka kijani kilekile cha matete ya mbele. Wakati wa kiangazi vumbi huipausha milima ya mbali, kwa hiyo changanya bluu, nyeupe na kahawia kidogo sana, kisha lainisha kingo. Masika mvua ikikatika hewa husafika. Hapo acha mabonde yaonekane wazi, ila yabaki ya bluu. Taswira ya mlima majini ififie kuliko mlima wenyewe. Tabaka la chini la rangi lizimuliwe kwa tapentaini, na mafuta ya kitani yaongezeke kwenye tabaka za juu. Ukigeuza mpangilio huo, rangi inaweza kupasuka ikikauka.