Imeandikwa Wapi? Majibu kwa Waliochoka Kuambiwa "Njoo Kesho"

Barua za wiki hii karibu zote zina kilio kimoja: nenda rudi. Watu wanazungushwa kwa karatasi, mihuri na picha za paspoti mpaka wanachoka kabla hawajapata walichokifuata. Nilikuwa karani wa masjala katika halmashauri moja kwa miaka 19, kwa hiyo dirisha hilo nalijua kwa ndani na kwa nje. Nimechagua maswali machache, mengine yatasubiri zamu yake.

Mwenyekiti wa mtaa wetu anataka shilingi 5,000 kwa kila barua ya utambulisho. Mwezi huu nimechukua tatu: ya benki, ya shule ya mtoto, na ya kumdhamini mdogo wangu polisi. Hii ni sheria? (Mama wa watoto wanne, Tabora)

Pole, mama. Shilingi 15,000 kwa mwezi ni unga wa siku nyingi.

Tofautisha ada na mazoea. Ada halali ina vitu viwili vinavyoonekana kwa macho: sheria ndogo ya halmashauri inayoitaja, na stakabadhi. Siku hizi malipo ya serikali hutolewa kontroo namba, unalipa kwa simu au benki, na hela haipiti mkononi mwa mtu. Noti inayokunjwa na kutiwa kwenye droo bila karatasi yoyote kurudi kwako si ada, hata kama mtaa mzima umeizoea.

Safari ijayo sema maneno haya tu, kwa adabu: "Mwenyekiti, nitalipa, naomba stakabadhi." Usiongeze neno. Ikishindikana, nenda kwa mtendaji wa kata umuombe akuonyeshe sheria ndogo yenyewe. Mwenyekiti huchaguliwa na wakazi, lakini mtendaji ni mwajiriwa, ana bosi halmashauri na ana faili lake. Na ukinyimwa barua mpaka utoe kitu kidogo, hapo tumeshaingia kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Piga 113, namba ya TAKUKURU. Ni bure.

Niwatendee haki wenyeviti. Hawana mshahara, wanategemea posho, na wengi hununua karatasi na wino kwa hela yao. Hilo ni tatizo la kweli na halmashauri inapaswa kulibeba. Haifai libebwe na mama anayemtafutia mtoto shule.

Kuna jambo jingine linaloniumiza zaidi ya hiyo 5,000. Mtu mwenye namba ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, tarakimu 20, ambaye tangu 2019 anasajili laini ya simu kwa kugusa kidole tu, kwa nini bado abebe barua ya kueleza kwamba yeye ni yeye? Kama kidole kinatosha kwa simu, na benki ikiulize kidole.

Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Rukia. Cha kidato cha nne kinasema Lukia. Kitambulisho cha taifa kiko sawa kwangu, ila jina la baba limekosa herufi moja. Nimepata kazi, afisa utumishi amenirudisha mara mbili. Nile kiapo au nibadili jina? (Rukia, Geita)

Rukia mwanangu, hapa nitakaa kidogo, maana suala lako nililiona dirishani mwetu karibu kila wiki.

Daftari letu lilikuwa pana, lenye mistari ya kijani, linafunguliwa kwa mikono miwili. Mzazi anafika na karatasi ya kliniki iliyokunjwa mara nne, maandishi yamefutika penye mikunjo. Karani anauliza, "Jina?" Mzazi anataja. Karani anaandika alichosikia. Kama karani au mzazi anatoka kwa watu ambao R na L kwao ni sauti moja, Rukia amekwisha kuwa Lukia, na wino umekauka. Wewe hapo ulipona, ila miaka saba baadaye mwalimu akaandika alichosikia yeye: Lukia. Kisha anakuja mwandikishaji wa kitambulisho. Wewe hukukosea kitu. Umeandikwa na masikio matatu.

Sasa dawa. Kiapo cha majina, unachokula mbele ya wakili au kamishna wa viapo, kinasema tu kwamba Rukia na Lukia ni mtu mmoja. Hakirekebishi cheti chochote. Hati ya kubadili jina, ile inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, ni ya mtu anayeacha jina moja na kushika jingine. Wewe huachi jina. Kwa hiyo usikubali mtu wa pembeni ya ofisi akuuzie hati usiyoihitaji.

Anza na mzizi. Cheti cha kuzaliwa ndicho kilichotangulia na kinasema Rukia, kishike hicho. Kitambulisho cha taifa kiendee NIDA na cheti hicho mkononi, waombe wasahihishe herufi ya baba. Cheti cha shule ndicho kigumu kubadilika, na hapo ndipo kiapo kinapofanya kazi yake. Nenda kwa mwajiri na vyote vitatu kwa pamoja, pamoja na barua fupi inayoeleza nini kimerekebishwa na nini kimeapiwa. Omba barua hiyo ipokelewe na kugongwa mhuri.

Huyo afisa utumishi naye anaogopa, na ana sababu. Aprili 2017, pale Dodoma, Rais wa wakati huo, John Magufuli, alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 waliotajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Baadhi walikata rufaa, lakini woga ulibaki maofisini. Tangu hapo herufi moja inatisha kama cheti kizima cha bandia. Kughushi ni kujipatia elimu usiyoisoma. R iliyoandikwa L na mtu mwingine ulipokuwa bado mtoto ni kitu kingine kabisa, na ofisi inayoshindwa kuvitenganisha inawaadhibu waaminifu.

Kwa nini ofisi moja inataka picha yenye rangi ya bluu nyuma na nyingine nyeupe? (Fundi simu, Mbagala)

Kila ofisi iliamua lake, na hakuna aliyekaa na mwenzake. Ukienda studio, piga zote mbili siku hiyo hiyo na umwambie mpiga picha akutumie kwenye simu. Zitakufaa mwaka mzima.

Baba yangu ni mstaafu, ana miaka 81 na alipata kiharusi. Ilipofika zamu ya uhakiki tulimpakia kwenye bajaji, tukasubiri kutwa nzima, ili aonekane kwamba yu hai. Lazima iwe hivi? (Mtoto wake wa tatu, Morogoro)

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mtu aliyetumikia nchi maisha yake yote hapaswi kushushwa kitandani ili athibitishe kwamba bado anapumua.

Uhakiki wenyewe una sababu. Pensheni za marehemu zimewahi kuendelea kuchukuliwa na walio hai, na fedha hizo ni za wastaafu wenzake baba yako. Ninachogombana nacho ni namna. Ofisi ndiyo yenye shaka, basi ofisi ndiyo ingefunga safari.

Safari ijayo usimtoe kwanza. Piga simu kwenye mfuko wake wa pensheni, taja namba yake ya pensheni, uliza mambo matatu. La kwanza, anaweza kuhakikiwa kwa simu janja? Utaratibu wa mstaafu kujihakiki kwa simu umeanza kuwepo, na wengi hawajaambiwa. La pili, afisa anaweza kumfuata nyumbani ukileta barua ya daktari? La tatu, kituo gani kiko karibu zaidi na kwenu? Andika jina la aliyekujibu na tarehe. Ukikataliwa yote, peleka ombi kwa maandishi pamoja na barua ya hospitali, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Neno la mdomoni halina faili. Barua iliyopokelewa, lazima mtu aijibu.

Niko Likoni, Mombasa. Ombi langu la kibali limekataliwa, na nikiuliza sababu afisa anasema halazimiki kunieleza. Ni kweli? (Msomaji wa Kenya)

Si kweli, ndugu yangu. Analazimika. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 47, inampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na ofisi za umma kwa haraka, kwa ufanisi, kisheria na kwa haki. Uamuzi ukigusa haki yako vibaya, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Mwaka 2015 Bunge likatunga sheria nzima ya kukitekeleza kifungu hicho. Mwandikie barua fupi, kitaje kifungu kwa namba, omba sababu. Asipojibu, peleka malalamiko ofisi ya Ombudsman, iliyoanzishwa 2011 kwa kazi hii hii.

Wasomaji wa Tanzania msijione yatima. Mwaka 1966 nchi yetu ilitunga sheria ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya aina yake Afrika, ili mwananchi wa kawaida awe na pa kumshtaki ofisa anayemwonea. Kazi yake ilirithiwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, chini ya sheria ya 2001, na unaweza kuipelekea malalamiko bila wakili. Tena kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ofisi uliyoiomba taarifa inapaswa kukujibu ndani ya siku 30. Ukiambiwa "ndio utaratibu", una haki ya kuuliza kwa upole, "Umeandikwa wapi?"

Mimi ni karani wa kaunta. Watu wanatutukana kana kwamba sisi ndio tuliotunga masharti. Nikipitisha faili lenye upungufu, mkaguzi akija naandikiwa barua ya kujieleza. Nifanyeje? (Karani, jina nalihifadhi)

Mdogo wangu, umegusa penyewe. Faili lisilo na kiambatanisho linakuwa hoja ya ukaguzi. Mtu aliyetembezwa kilomita 40 mara tatu kwa sababu ya kiambatanisho hicho hawi hoja ya mtu yeyote. Siku za wananchi hazikaguliwi popote, ndiyo maana zinatumika ovyo. Karani anajifunza mapema kwamba kukataa hakujamfukuzisha mtu kazi.

Masharti huwezi kuyafuta. Ila kuna kitu kimoja kiko mikononi mwako, nami nilichelewa kukijua. Zamani nilikuwa nikiona pungufu la kwanza tu, narudisha karatasi: "Hapa hamna barua ya mtendaji." Akileta barua, nasema nakala hazikuthibitishwa. Akithibitisha, picha zimepungua. Sikuwa na nia mbaya. Ndivyo nilivyomkuta mwenzangu akifanya.

Siku moja akaja mzee mmoja kwa mara ya nne. Hakupaza sauti. Alitoa tiketi za basi kwenye mfuko wa shati, akazipanga kaunta moja kando ya nyingine, nane, kwenda na kurudi, ya kurudi siku hiyo ikiwa tayari imekatwa. Nikazijumlisha kwa macho. Nauli ilikuwa imezidi ada ya ofisi mara kadhaa. Nilimhudumia, nikafunga dirisha, nikaomba karatasi ya manila kutoka kwa bosi.

Nikaandika kwa kalamu nene: nini kinatakiwa, nakala ngapi, ada kiasi gani, siku zipi tupo. Sikuongeza sharti ambalo sikuweza kuonyesha lilipoandikwa, na nilipoyatafuta, mawili hayakuwepo popote. Nikaibandika nje, usawa wa macho, chini ya paa ili mvua isiipate. Fanya hivyo wiki hii, na kwa anayefika dirishani mtajie yote yanayopungua kwa mara moja.

Siku ya gulio iliyofuata nilisikia sauti nje kabla sijafungua. Binti wa sare za shule alikuwa akimsomea bibi yake ile karatasi, mstari kwa mstari: barua ya mtendaji, nakala mbili, picha mbili. Kila alipotaja kimoja, bibi alipapasa fundo la khanga yake akaitikia, "Ipo."