Kwa Mkristo anayeanza kazi halmashauri

Wadogo zangu, mkipata barua ya kupangiwa kituo mtaitwa mbele kanisani, mtaombewa, na mchungaji atawaambia mkawe mashahidi kazini. Maombi hayo yapokeeni kwa moyo wote. Ila kwa miaka niliyokaa kitengo cha ununuzi nimeona kwamba ushuhuda wa mtumishi wa umma unaanzia kwenye saini yake, na saini hiyo itatakiwa mapema, ukiwa bado mgeni na hujajua nani ni nani.

Mgeni ndiye anayewekwa haraka kwenye kamati ya ukaguzi na mapokezi. Tuseme ni Juni, mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, na mzabuni ameleta madawati ya shule. Karatasi inasema 120. Unahesabu, unakuta 96. Anakwambia kwa upole kabisa: “Mdogo wangu, yaliyobaki yako njiani. Ukichelewesha saini, hela itarudi na watoto watakosa yote.” Hapo ndipo penye ugumu, maana sehemu ya maneno yake ni kweli. Fedha zisizotumika kwa wakati zinaweza kurudi, na watoto kweli wanakaa chini. Anayesubiri jaribu lije na bahasha hatalitambua hili, kwa sababu hujaahidiwa hata shilingi moja. Unaombwa huruma tu.

Mjibu kwa adabu, bila mahubiri: “Kaka, nimehesabu 96, naandika 96. Mengine yakifika hata jioni nipigie, nitakuja kuyapokea.” Andika idadi hiyo kwa mkono wako, weka tarehe, mwarifu mwenyekiti wa kamati siku hiyo hiyo, baki na nakala. Usimwite mtu mwizi. Huna ushahidi huo, una hesabu. Watoza ushuru walipomuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa, na askari akawaambia watosheke na mishahara yao. Iko Luka sura ya 3, na sijaona mahali pengine katika Maandiko panapomgusa mtu wa ofisini karibu namna ile.

Orodha ya mahudhurio ya semina ambayo hukuhudhuria ni jambo hilo hilo. Hata kama wote wamesaini.

Sasa niseme la madeni, maana watu wengi wazuri wameangukia hapo. Mshahara wa kwanza ukiingia, simu zinaanza: kadi za harusi, send-off, msiba, ujenzi wa kanisa, ada ya mdogo wako. Ukitaka kumridhisha kila mtu utachukua mkopo benki, kisha wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kubwa, juu yake, na siku mzabuni atakapokuja utakuwa umeshadhoofika kabla hajafungua mdomo. Mwambie katibu wa kamati ya michango kiasi unachoweza, ukitoe, uishie hapo. Na viongozi wetu wa kanisa nawaambia kwa upendo: kijana mwenye mshahara wa kuanzia akitoa ahadi ya mamilioni kwenye harambee, msimpigie makofi kabla ya kumuuliza anaendeleaje. Tunawasukuma watoto wetu kwa mikono yetu wenyewe.

Kuhusu dini yenyewe ofisini, kumbukeni mmeajiriwa na Tanzania, nchi ambayo Katiba yake ya 1977 inasema haina dini, na ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa kuabudu. Uhuru huo ni wako na ni wa mwenzako. Kikundi cha maombi ni kitu chema, lakini kikutane kabla ya saa moja na nusu. Ikifika saa mbili, bibi aliyetoka kijijini kufuatilia hati yake amesimama dirishani, na kumhudumia ndiyo ibada yenu kwa saa hiyo. Mwenzako Mwislamu akienda Ijumaa, kaa mezani kwake bila kunung'unika. Krismasi atakaa yeye. Akikualika futari, nenda.

Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa misa ya kila siku, na mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulifunguliwa jimboni Musoma mwaka 2005. Lakini ahadi ya mwanachama wa TANU, chama alichokiongoza, iliyosema rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa, ilitamkwa na Wakristo na Waislamu kwa sauti moja. Ndani ya ofisi, lugha ya haki inawatosha wote. Hata sheria ya rushwa ya 2007 haimwachi mtoaji wala mpokeaji.

Upo uwezekano wa kutengwa, au kuhamishiwa mbali. Sitawadanganya kwamba Mungu huzuia hilo kila mara. Danieli hakukutwa na kosa lolote kazini na bado alitupwa kwa simba. Kwa hiyo usipigane peke yako. Tafuta mapema mtu mzima mmoja mwenye hofu ya Mungu na anayejua taratibu za serikali, umweleze kabla hujajibu jambo zito. Likizidi, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, hupokea simu bure kwa namba 113, na tangu 2015 kuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Uwe na nakala zako mkononi kabla ya kupiga.