Maswali ya Wasomaji: Kemia ya uchanganuzi ilianza lini?

SWALI: Binti yangu anasoma kemia chuo kikuu, na mwaka huu wameanza somo la kemia ya uchanganuzi. Mimi nilidhani kuchunguza kitu kimeundwa na nini ndiyo kemia yenyewe. Je, tawi hili lilijitenga lini, na aliyelianzisha ni nani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kazi hii ni kongwe kuliko jina lake, kwani wafua dhahabu walikuwa wakipima usafi wa dhahabu kwa moto na jiwe karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuitwa mkemia. Mwanzilishi mmoja hayupo. Kilichobadilika katika karne ya 19 ni kwamba mpimaji alianza kudaiwa uthibitisho ambao hata asiye mkemia angeukubali, na mahakama zilichangia sana madai hayo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1830, nchini Uingereza, mkemia James Marsh aliitwa kuchunguza kesi ya mzee aliyedhaniwa kuuawa kwa arseniki. Aliipata sumu hiyo, lakini mashapo ya manjano (chembe ngumu zinazojitenga na kimiminika) aliyoyatayarisha yalikuwa yameharibika yalipofikishwa mbele ya juri (wananchi wanaoamua kesi), na mshtakiwa akaachiwa huru. Marsh akabuni njia nyingine, akaitangaza mwaka 1836: sampuli huchanganywa na zinki na asidi, gesi inayotoka huwashwa, na mwali wake ukigusa kauri baridi huacha doa jeusi linalong'aa, hata kama arseniki iliyokuwamo ni chembe tu ya miligramu.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza, na kwa maoni yangu ndipo penye kiini cha jibu lako. Zinki na asidi za siku hizo mara nyingi zilikuwa na arseniki ndani yake, kwa hiyo doa lingeweza kutoka katika chupa za mpimaji mwenyewe wala si katika mwili wa marehemu. Ikalazimu kwanza kufanya jaribio zima bila sampuli, ili kuhakikisha kwamba vifaa na dawa ni safi. Tena antimoni, elementi nyingine, nayo huacha doa linalofanana na hilo. Wakemia wakagundua kwamba doa la arseniki huyeyuka katika hipokloriti, kemikali iliyomo katika dawa ya kung'arishia nguo, ilhali la antimoni hubaki.

Taratibu za namna hiyo zilihitaji mahali pa kufundishiwa. Mjerumani Carl Remigius Fresenius alitoa kitabu cha uchanganuzi mwaka 1841, akafungua maabara mjini Wiesbaden mwaka 1848, na mwaka 1862 akaanzisha jarida la kemia ya uchanganuzi peke yake. Wakati huohuo wanasayansi Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff walikuwa wameonyesha kwamba elementi hutambulika kwa mistari ya mwanga wake, na kwa njia hiyo wakagundua elementi mpya, metali ya sizi (cesium), mwaka 1860.

Hata hivyo, nyingi za taratibu hizo zilifuatwa kwa sababu tu zilifanya kazi. Mkemia Wilhelm Ostwald ndiye aliyezipa msingi katika kitabu chake cha mwaka 1894, akieleza kwa nadharia ya ioni (chembe zenye chaji ya umeme) kwa nini mashapo hutokea na kwa nini viashiria, yaani dawa za kutambulisha asidi, hubadilika rangi.

Wapo wanaoanza hesabu na mwanasayansi Robert Boyle wa karne ya 17, aliyetambua asidi kwa rangi za mimea. Heshima yake anastahili, lakini mimi ningetaja 1862 kwa upande wa taasisi na 1894 kwa upande wa nadharia.