Jibu: Pwani ina kazi gani ikiwa bahari kuu ndiyo inayomeza hewa ukaa (kaboni dioksidi)?

Ndugu, umeuliza kama maji ya pwani yana umuhimu wowote, maana ni kipande kidogo tu cha bahari. Ni kidogo kweli, chini ya asilimia 10 ya eneo lote, lakini usiyadharau.

Kwanza, pwani haifanyi kazi moja. Milangoni mwa mito, bakteria huozesha mabaki ya mimea yaliyoletwa na mto kutoka bara, na hewa ukaa nyingi hurudi angani. Ukisogea mbele kidogo, kwenye maji yaliyo juu ya ukingo wa bara (sakafu ya bahari isiyo na kina kirefu inayopakana na nchi kavu), mambo kwa jumla hugeuka: rutuba ni tele, mimea midogo ya majini hustawi, na maji hunyonya hewa ukaa kuliko yanavyotoa.

Hazina kubwa zaidi iko topeni. Tope la mikoko na la nyasi za bahari halina oksijeni ya kutosha, kwa hiyo majani na mizizi huoza polepole mno. Kaboni hukaa humo karne nyingi, alimradi pasichimbwe. Ndiyo maana ukataji wa mikoko huniuma: unapoteza mti, na tope lililo wazi huanza kuachia akiba ya zamani.

Pale Gazi, Kwale, nchini Kenya, wanakijiji wa Mikoko Pamoja, mradi wa kutunza mikoko ulioanza 2013, wamekuwa wakiuza hati za kaboni ya mikoko yao (hati za kiasi cha hewa ukaa kinachohifadhiwa, ambazo wengine hununua kufidia wanayoitoa), na mapato yameingia kwenye maji safi na shule.