Maswali ya Wasomaji: Tapeti Ngumu: Bapa au za Rola?

SWALI: Nina V8 ya pushirodi (fito zinazopeleka msukumo juu kwenye valvu), bloki ya chuma, hedi za aluminiamu. Nikipita mizunguko 6,000 kwa dakika, tapeti za haidroliki (vipande vyenye oili ndani, vinavyosukumwa na nundu za kamshafti ili valvu zifunguke) zinachanganyikiwa na nguvu zinakata. Nataka kuweka tapeti ngumu, zisizojirekebisha kwa oili. Nichukue za uso bapa au za rola, zenye gurudumu dogo? Gari ni la barabarani, mashindano ni mara mojamoja.

JIBU: Chukua bapa. Rola zinavumilia springi kali na nundu inayopanda ghafla, kwa hiyo injini ya mashindano haziachi. Lakini gari linalokaa kwenye foleni likiwa sailensi (injini inazunguka polepole bila kukanyagwa) halizifai. Rola nyingi hupata oili ya kurushiwa tu, na kwenye sailensi inayorushwa ni kidogo. Beringi za sindano zinaanza kukwaruzika, na siku zikivunjika vipande vinaangukia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ukizing'ang'ania, tafuta zile ambazo pini yake inapelekewa oili kwa presha, au zenye bushi badala ya sindano.

Kabla hujalipa, hakikisha kamshafti imechongwa kwa ajili ya tapeti ngumu. Nundu yake ina mteremko wa pole unaomaliza mwanya (nafasi ndogo kati ya valvu na roka, mkono unaoisukuma) taratibu kabla valvu haijainuka. Ukiweka mwanya mpana kwenye kamshafti ya haidroliki, tapeti itagongwa kila mzunguko. Roka lazima ziwe na nati ya kurekebishia. Pushirodi nazo zipime upya, maana kikombe cha tapeti ngumu mara nyingi hakiko kwenye kimo cha ile uliyotoa.

Angalia kipenyo pia. V8 za zamani za Chevrolet hutumia milimita 21.4, Ford 22.2, Chrysler 23.0. Nundu iliyochorwa kwa tapeti pana itaigusa nyembamba kwa ukingo, na ukingo huo utaikata kamshafti.

SWALI: Kamshafti mpya, tapeti bapa mpya, na nundu mbili zimelika ndani ya saa ya kwanza. Chuma kibovu?

JIBU: Inawezekana, ila mara nyingi kosa liko kwenye kuifunga na kuiwasha injini mara ya kwanza. Uso wa tapeti bapa kwa kweli si bapa: katikati umevimba kiasi cha milimita 0.05, na nundu imechongwa kwa mshazari kidogo. Hivyo viwili ndivyo vinavyoizungusha tapeti. Isipozunguka, inasagwa mahali pamoja. Kwa hiyo, wakati wa kufunga, kila tapeti iliyopakwa oili nyepesi ishuke kwenye tundu lake kwa uzito wake na izunguke kwa kidole. Inayogoma usiigonge, safisha tundu kwanza.

Paka grisi ya molibdeni kwenye nundu na kwenye nyuso za tapeti. Tumia oili ya kulainishia injini mpya, yenye zinki na fosforasi ya kutosha, sehemu 1,200 kwa milioni au zaidi. Oili nyingi za magari ya kisasa zina fosforasi isiyozidi 800, ili zisiharibu katalisti ya ekzosi. Kama springi za valvu ni za kupandana, toa ya ndani kwa muda. Zungusha pampu ya oili kwa drili mpaka oili itokee kwenye roka zote.

Mafuta na taimingi viwe tayari ili injini iwake papo hapo, maana kupiga stata muda mrefu kunafuta ile grisi. Ikiwaka tu, ipandishe mizunguko 2,000 hadi 2,500, ukiipandisha na kuishusha humo humo kwa dakika 20 hadi 30. Ikivuja maji, zima, usiiache sailensi. Kisha mwaga oili, na upasue filta uangalie chuma.

Tapeti zilizotumika kwenye kamshafti nyingine usizirudishe. Hata za kamshafti hiyo hiyo, kila moja irudi kwenye nundu yake.

SWALI: Niliseti mwanya wa valvu milimita 0.50 injini ikiwa moto. Sasa valvu moja inasoma 0.65. Nikaze tu?

JIBU: Usikaze bado. Kwanza pima upya kwa utaratibu mmoja. Injini iwe moto. Izungushe mpaka valvu ya ekzosi ya silinda hiyo ianze tu kufunguka, pima ya kuingizia. Endelea mpaka ya kuingizia ifunguke yote na ikaribie kufunga, pima ya ekzosi. Fila geji, bamba jembamba la kupimia mwanya, iteleze kwa ukinzani mdogo. Kwa bloki ya chuma na hedi za aluminiamu, mwanya hupanuka injini ikipata moto. Ukiseti baridi, anza na milimita 0.15 pungufu ya mwanya wa moto.

Kama bado ni 0.65, angalia nati ya roka, ncha ya roka na unyoofu wa pushirodi. Vyote vikiwa salama, weka geji ya mshale juu ya pushirodi na ulinganishe mwinuko na wa silinda ya jirani kwa valvu ya aina hiyo hiyo. Ukipungua, nundu au tapeti inalika, na kukaza kutaficha tu mpaka chembe zifike kwenye beringi. Mwanya unaopungua ni jambo jingine: valvu inazama kwenye siti yake au shina lake linanyooka. Hapo hedi lazima ishushwe.